Pikipiki ya Babu na Sanduku la Spea

Juzi binti wa dada yangu alinisogezea simu yake akanionyesha tangazo: inauzwa pikipiki ya zamani, spea zake zote orijino. Alikuwa anacheka. Kwake yeye pikipiki ni bodaboda, unapunga mkono inakuja, na hakuona kwa nini mtu atangaze chuma kikuukuu kama kile kwa mbwembwe zote zile. Mimi sikucheka. Nilimrudishia simu, nikaenda kukaa nje peke yangu, na harufu ya petroli iliyochanganyika na vumbi la Mkunya ikanijia puani kana kwamba nimeondoka huko jana.

Basi keti nikusimulie, maana nawe huenda ulikuwa na nyumba kama ile utotoni mwako. Mimi nililelewa na bibi na babu, wazazi wa mama yangu, katika nyumba ya nyasi pale Mkunya, upande wa Newala. Kama umewahi kufika uwanda ule, unaujua mchanga wake. Mvua inanyesha usiku kucha, asubuhi ardhi imeshainywa yote na bado ina kiu. Mikorosho inastawi, muhogo unastawi, ming'oko, viazi vya mwituni, unaichimba porini ukiwa na subira, lakini maji ya kunywa yako chini kabisa, bondeni. Jogoo wa kwanza alikuwa anatukuta njiani, bibi mbele na ndoo yake, mimi nyuma na kidumu changu, tunateremka kwa miguu iliyokwisha kuzoea kila jiwe. Kuteremka si kazi. Kazi ni kupanda na maji kichwani huku jua nalo linapanda.

Babu alikuwa na pikipiki. Ujanani alifanya kazi ya useremala kwenye karakana za misheni kule Ndanda, na bruda mmoja, mtawa wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao, alimwachia kwa bei ya kirafiki, pamoja na sanduku la mbao lililojaa spea. Pikipiki yenyewe ilikuwa nyeusi, tangi lake la mafuta limenona kama boga, na sauti yake ilisikika kabla hata vumbi halijaonekana. Bibi aliiita mke mwenzake. Akimwona babu anaifuta kwa kitambaa kila jioni, alimwambia, "Mfute tu kwa kitambaa. Maji ya kumwogesha huyo akayafuate mwenyewe bondeni!" Babu alicheka akaendelea kufuta. Petroli ilikuwa haipatikani ovyo, kwa hiyo mara nyingi pikipiki ilikuwa inapendeza tu, haiendi popote, na sisi watoto tulikaa juu yake tukatembea dunia nzima kwa midomo yetu.

Halafu bibi akaanguka. Ilikuwa msimu wa mabibo, njia imelowa, akateleza kwenye mpando na ndoo kichwani, akaangukia nyonga. Babu alitafuta petroli kwa kila aliyemjua, akampakia mke wake ubavu-ubavu nyuma ya pikipiki, akateremka naye mpaka hospitali ya Ndanda. Mganga alisema mfupa haukuvunjika, lakini asibebe tena mzigo mlimani. Bibi aliitikia kwa adabu zote. Alipopata nafuu kidogo tu akachukua ndoo akateremka bondeni, anachechemea, huku mimi nikimfuata nyuma, naangalia kila anapokanyaga. Nani mwingine angekwenda? Mama yangu, Zainabu, alikuwa ameolewa mbali, wajomba walikuwa wametoka kutafuta maisha, na kidumu changu mimi hakikutosha hata kupikia.

Asubuhi hiyo babu alitusubiri ukingoni mwa bonde, mwanzo wa mteremko. Alimtua bibi ndoo, akaibeba mwenyewe kwa mikono mpaka nyumbani, maji yakimwagikia suruali, na watu wakimtazama. Alipoiweka chini alisema, "Nauza pikipiki." Bibi akadhani anatania. Kumbe alikwisha zungumza na fundi: nyumba iezekwe bati, iwekwe mifereji, na pembeni kichimbwe kisima cha saruji cha kukinga maji ya mvua. Maji yatufuate sisi.

Ile ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Wewe uliyezaliwa baadaye huwezi kujua ilivyokuwa. Maduka ya Newala yaliyokuwa na rafu tupu na paka mmoja aliyelala, ghafla yana sabuni za rangi, sukari, vitenge, betri za redio, mitumba imetundikwa mpaka barabarani. Korosho nazo zikaanza kununuliwa na watu binafsi, wanapita na malori yao vijijini. Mmoja wao alikuwa mfanyabiashara wa Masasi, mtu mnene mwenye kalamu sikioni. Alipoiona pikipiki ya babu alisahau korosho.

"Shikamoo mzee. Hii mashine ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu, na inauzwa."

Akaizunguka, akachuchumaa, akapapasa injini kama anayepapasa mbuzi wa sikukuu. Kumbe marehemu baba yake alikuwa na pikipiki ya aina ileile, imekaa bandani kule Masasi imekufa, na Dar es Salaam nzima hakupata hata ringi ya pistoni. Akasema wazi kwamba akipata pikipiki pamoja na spea zake orijino, atatoa bei nzuri. Akipata pikipiki peke yake, atatoa bei ya vyuma chakavu. Babu alipotaja bei yake, mnunuzi akakubali bila hata kukuna kichwa. Ilitosha bati na ilitosha saruji. Majirani walikuwa wamekwisha jaa uani, maana lori likisimama kwenu, mgeni ni wa kijiji kizima.

"Spea zipo zote," babu akasema kwa maringo. "Mama Zainabu, lete ufunguo wa sanduku."

Bibi hakuinuka upesi. Alipouleta, babu akafungua, akainua kifuniko, na ndani mlikuwa na gunia lililokunjwa, plagi, ringi chache kwenye karatasi yake ya mafuta, na gasketi zilizotafunwa pembeni na panya. Babu akainua gunia akatazama chini yake, akalirudisha.

"Mama Zainabu, sanduku hili limeota miguu?"

"Halikuota miguu, Baba Zainabu," bibi akajibu taratibu. "Watu walikuwa na shida, na wewe ulikuwa na vyuma."

Miaka ya uhaba, babu alipokuwa shambani, watu walikuwa wanakuja kwa bibi, na bibi alikuwa hana moyo wa kumrudisha mtu mikono mitupu. Waya wa klachi ulikuwa kamba ya kuanikia nguo kwa jirani yetu mjane, nami nilikuwa nimeuona maisha yangu yote bila kujua kwamba ni wa kwetu. Pistoni ilikuwa jiwe la mizani la mama muuza dagaa. Kioo cha pembeni kilikuwa kwa kinyozi. Honi ya mpira ilikuwa inafukuza ngedere kwenye shamba la mahindi. Na rimu, ile rimu nzuri ya akiba, ilikuwa inaning'inia shuleni, ikigongwa kwa nondo asubuhi na mchana.

Mnunuzi alisema atapita tena wiki ijayo akitoka kununua korosho Newala. Lori lilipoondoka, babu alifunga sanduku, akasema hakuna mtu atakayekwenda kudai. Kilichotolewa kimetolewa. Bibi naye akasema hivyohivyo, na ni yeye aliyekuwa anateremka bondeni. Nikuambie kweli, niliwakasirikia wote wawili. Nilikuwa mtoto, sikuelewa jinsi mtu anavyoweza kuihitaji bei ile kwa mfupa wake mwenyewe na bado akaona aibu kunyoosha mkono kwa jirani.

Lakini majirani walikuwepo uani, na macho walikuwa nayo. Kesho yake tulipopanda na maji, mjane alikuwa amekaa mlangoni kwetu, waya wa klachi ameuviringa vizuri na kuufunga kwa kamba ya mgomba. "Siku hizi kamba ya manila iko dukani, Mama Zainabu," akasema. "Huu ulinisaidia watoto wakiwa wadogo." Mama muuza dagaa alileta pistoni ikinuka dagaa, akaapa kwamba mizani yake haikupunja mtu hata siku moja, na bibi akamwambia asiape sana. Kinyozi alikuja na kioo amekifunga kwenye khanga ya mkewe. Mwenye honi alifika akiipiga tangu njiani, watoto msururu nyuma yake, akasema ngedere wenyewe wamekwisha izoea, wanaichezea. Kila mmoja aliambiwa akae, akakaa, akala kisamvu. Babu aliyapokea yale mavyuma moja moja, akayapaka mafuta, na kila akiinama sandukuni alikawia kidogo kuinuka. Nadhani hakutaka tumwone macho.

Mnunuzi aliporudi, mwalimu mkuu naye alikuwepo, na rimu begani. Mnunuzi akakagua kila kitu, akaridhika. Akafika kwenye rimu. Akachukua spana akaigonga kidogo, asikie kama ina ufa. Ngaa! Watoto wote waliokuwa uani, nami nikiwemo, tukakimbia tukajipanga mistari miwili, tumenyoosha mikono mabegani. Mnunuzi alicheka mpaka akakalia sanduku.

"Mwalimu, rudi nayo hii," akasema alipopata pumzi. "Imebonyea kote, na mimi siwezi kuendesha kengele." Kisha akajifuta machozi akawa mfanyabiashara tena. "Lakini mzee, bila rimu bei inashuka."

Na ikashuka. Fundi wa nyumba, aliyekuwa amesimama karibu na babu, akamnong'oneza kwamba sasa bati litapatikana, saruji haitapatikana. Bati bila kisima, maji yatamwagika uani na bibi ataendelea kushuka. Babu akaingia ndani. Alitoka na koti la ngozi, la kahawia, lile alilopewa na bruda siku ileile ya pikipiki, ambalo alilivaa akienda mjini hata jua likiwa kali namna gani.

"Baba Zainabu, hilo hapana," bibi akasema.

Hakuwa anatania. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukisikia, na mjane akainamisha kichwa.

"Nitalivaa niende wapi, Mama Zainabu? Pikipiki ya kulipeleka si ndiyo hiyo inaondoka?"

Mnunuzi akalivaa, likamkaa kifuani kwa shida, akajitazama kwenye kioo cha kinyozi, akapendezwa, akatoa bei yote. Bibi alikuwa ameshageukia ukuta. Pikipiki ikapandishwa juu ya magunia ya korosho, ikafungwa kamba. Babu alilisindikiza lori kwa miguu mpaka njia panda, na aliporudi aliomba uji.

Kisima kilijengwa na watu walewale, huyu kabeba mchanga, yule kokoto, mwalimu kaleta darasa zima. Mvua ya kwanza ikaachwa ioshe bati, fundi alivyoagiza. Ya pili tuliisikiliza tumelala macho, kelele juu ya kichwa kama ngoma za unyago, na maji yakiingia kisimani kwa sauti nene. Kulipokucha bibi aliwaita wote waliorudisha vyuma, wateke wao kwanza. Kisima kile hakikuwahi kuwekwa kufuli.

Wote wawili hawapo tena. Bati limeshika kutu, kisima kimepata ufa, na wajomba zangu wameweka tangi jeusi la plastiki, maana siku hizi kila nyumba ina la kwake. Madukani kuna kila kitu. Sisemi uhaba urudi, Mungu apishe mbali, nilishafua nguo kwa majani ya mpapai. Lakini sijui tena ni nani kijijini angekujia na kitu chako mkononi kabla hujakiulizia. Mimi nililishwa na watu wa namna hiyo, nikalelewa nao, nikanyweshwa maji nao, na nikikaa peke yangu huwa nawashukuru kwa sauti.

Asubuhi moja baada ya ile mvua niliamka nikakuta kumekucha kabisa. Nikashtuka, nikakurupuka nikadhani bibi ameniacha. Nilimkuta nje, amekaa na babu kwenye mkeka mmoja, uji na korosho za kuchoma katikati yao, jua la asubuhi likiwapiga miguuni. Babu alikuwa anamwigiza alivyomng'ang'ania masikio nyuma ya pikipiki siku ile ya kwenda Ndanda, na bibi anacheka, anampiga bega, anacheka tena. Nilisimama mlangoni. Siku zote asubuhi nilikuwa nauona mgongo wa bibi tu, na ndoo. Sikuwa najua kama asubuhi anacheka.