Fundi Mwiko na Mashine Isiyokamua

"Mwenzangu, mimi si mmbea, lakini macho yangu hayana mfuniko," alianza mama mapacha, jirani yangu wa ukuta mmoja, tukiwa tunaanika nguo uani. "Kwangu Fundi Mwiko alitengeneza mashine nusu saa akaaga. Kwako jana, ulipokuwa kliniki, aliingia saa nne, akatoka saa sita. Na mumeo akamsindikiza mpaka getini. Mashine gani hiyo ya saa mbili? Au anaipika?"

Nikacheka. Mtu akikuchoma mbele ya nguo zako za ndani zilizoanikwa, bora ucheke. Lakini kibanio nilichoshika kilivunjikia mkononi.

Fundi Mwiko mtaa mzima unamjua. Ni dada wa miaka arobaini hivi, mwembamba, anavaa suruali ya kazi na juu yake gauni, bisibisi zimepangwa kwenye mfuko wa gauni kama kalamu za mwalimu. Hana duka wala kibao. Akiitwa kwenye mashine mbovu ya kufulia, anatoa mwiko wa mbao kwenye mkoba, anabana upande mmoja kwenye ubavu wa mashine, upande wa pili sikioni, anafumba macho. Halafu anakwambia, "Mkanda umelegea," au, "Kuna kifungo cha shati huko chini." Na ukifungua, kifungo kipo. Alikuwa mfua mashuka kwenye nyumba ya wageni miaka kumi na miwili. Mafundi wakija, yeye ndiye aliyewashikia taa. "Walidhani wanashikiwa taa," huwa anasema, "kumbe mimi ndiye niliyekuwa naona."

Mashine yetu ni ile ya kufunguliwa kwa juu. Baba watoto aliinunua nilipojifungua kwa upasuaji, daktari aliponikataza kukamua nguo. Naipenda kuliko kabati la vyombo. Niliifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye nyuzi za kuning'inia pembeni, kila nikimaliza kufua naitandikia. Sasa ilikuwa imeanza visa. Inajaza maji vizuri, inafua, inamwaga, lakini ikifika kwenye kukamua inasimama kimya, herufi mbili zinawaka na kuzimika. Nepi zinatoka zinachuruzika, nami kidonda bado kinavuta nikizisokota. Fundi alikuwa ameshakuja mara mbili, na mara zote mbili sikuwepo.

Baba watoto aliporudi kutoka kazini nilimuuliza, "Fundi alikaa sana jana?"

"Kidogo."

"Kidogo cha nusu saa au kidogo cha saa mbili?"

Akainamia kiatu, akawa anafungua kamba iliyokwisha kufunguka. Mume wangu hajui kusema uongo. Anajua kunyamaza tu, na kunyamaza kwake kuna harufu.

"Yule dada ana akili sana," akasema mwishowe. "Angepata nafasi angekuwa injinia."

Miaka minne ya ndoa, sijawahi kusikia mimi ningekuwa nani.

Wivu ni kama maji kwenye ukuta. Huoni yalipoingilia, unaona rangi tu inavimba. Nikaanza kujitazama. Gauni la kunyonyeshea lenye madoa ya maziwa, nywele za wiki mbili. Nikamkumbuka Fundi Mwiko na zile bisibisi zake zilizopangwa. Nikawa namwekea baba watoto chakula bila kumwangalia usoni, naye akawa anakila bila kuuliza kwa nini. Hilo nalo likanichoma: angeuliza basi!

Alhamisi nikatega mtego. "Leo mtoto ana chanjo," nikamwambia asubuhi. "Foleni ya pale unaijua, nitachelewa." Chanjo ilikuwa wiki ijayo. Yeye anaingia kazini mchana, kwa hiyo asubuhi yote ni yake. Nikambeba mwanangu, nikazungukazunguka dukani, nikanunua sabuni nisiyoihitaji, nikarudi kwa mlango wa nyuma, ndala mkononi. Mtoto, Mungu ambariki, alikuwa amelala mgongoni.

Nilisikia sauti ya mume wangu kutoka chumba cha kufulia. Ilikuwa ya chini, ya upole, ile anayombembelezea mtoto. "Polepole. Rudia tena."

Sauti ya kike ikacheka kwa haya. "Basi, shemeji, nitakosea."

"Hukosei. Mimi nipo."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, maneno mazuri, yenye methali. Yote yakanikimbia. Nikausukuma mlango nikasema, "Mbona hamjapika, na mwiko upo?"

Walikuwa wamekaa kwenye vigoda viwili, mashine imeachwa wazi mdomo. Juu ya magoti ya mume wangu kulikuwa na kijitabu cha mashine, kidole chake kimesimama chini ya mstari. Fundi Mwiko alinyanyuka kwa kasi, bisibisi ikamponyoka, ikaanguka ndani ya pipa la mashine kwa mlio wa kengele. Mtoto akaamka akilia.

"Mama, ngoja nikueleze," mume wangu akasema.

"Wewe kaa. Umeshazoea kunyamaza." Nikamgeukia fundi. "Haya, dada. Mashine yangu ina ugonjwa gani usiotaka mwenyewe awepo?"

Wakatazamana. Mume wangu akateremsha macho sakafuni.

"Muache shemeji, mimi ndiye niliyemwapisha," Fundi Mwiko akasema. "Mdogo wangu, sijui kusoma."

Nikamteremsha mtoto mgongoni, akawa ananipigia kelele sikioni.

"Mashine za zamani zilikuwa na mlio, na mlio naujua. Hizi mpya zinaandika. Za aina nne nimezikariri kama picha. Yako sijawahi kukutana nayo." Akaonyesha zile herufi, d na L, zilizokuwa zikiwaka na kuzimika. "Mimi hapo naona mjamzito kaegemea pembe ya ukuta. Sasa mjamzito kuegemea ukuta ni ugonjwa gani? Nikamwomba shemeji anisomee kitabu, mimi nirudie mpaka kiingie kichwani. Watu wakijua fundi hasomi, nani atanifungulia mlango?"

Nilitegemea moyo utashuka. Haukushuka, ulihama tu mahali. Mume wangu alikuwa amebeba siri ya mwanamke mwingine wiki nzima, amenyamaza nayo mezani kwangu na kitandani kwangu. Haikuwa siri ya mapenzi, lakini ilikuwa siri. Na ile "mimi nipo", kwa sauti ile, niliionea wivu hata baada ya kujua ilikuwa ya nini.

"Mpokee mwanao," nikamwambia. Nikakichukua kijitabu. "Mmefika wapi?"

"Ukurasa wa sita," akajibu kwa unyonge. "Tulianzia mwanzo."

Ndivyo alivyo, mtu wa utaratibu. Alikuwa anamsomea fundi namna ya kuitoa mashine kwenye boksi! Mimi niliishia darasa la saba, na kitabu chochote cha shule nilikuwa naanza nyuma, kwenye majibu. Nikafungua nyuma. Herufi zote zilikuwa pale kwenye jedwali. Nikasoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Mfuniko haujafunga. Kagua tundu la swichi ya mfuniko."

Fundi akawasha tochi, akamulika lile tundu dogo ambalo ulimi wa mfuniko huingia. Akachukua koleo nyembamba, akavuta. Ukatoka uzi mweupe. Akavuta tena, ukatoka mwingine, zimeshikana na uchafu wa sabuni kama kiota cha panya.

Niliujua ule uzi. Nilikuwa nimeufuma mwenyewe, mwezi mzima, mtoto akiwa mapajani.

Nikasubiri anicheke. Angekuwa na haki. Akaukunja tu, akaniwekea kiganjani. "Kazi nzuri ya mkono, hii. Ila mashine haivai nguo, mdogo wangu. Ukimaliza kufua iache wazi, ikauke, ipumue."

Akaitoa bisibisi pipani, nikatumbukiza nepi zilizokuwa zinachuruzika, akafunga mfuniko, ukalia tik. Pipa likaanza kuzunguka, polepole, kisha kwa kasi, likanguruma. Alibana mwiko ubavuni akasikiliza, akainama, akakaza mguu mmoja wa nyuma uliokuwa juu kidogo, akasikiliza tena. Nepi zilitoka zimekamuka kama karatasi. Nilizigusa mara tatu.

Mume wangu akatoka na mtoto uani. Alipita karibu yangu akitaka kusema neno. Sikumpa nafasi, bado.

Fundi Mwiko alirudisha bisibisi mfukoni moja moja, lakini mkoba hakuubeba. Alikuwa anakitazama kijitabu mkononi mwangu.

"Shemeji ana roho nzuri," akasema, "ila anasoma kama anayelaza mtoto. Akimaliza mstari nami nimesinzia, sikumbuki kitu. Wewe umesoma mara moja tu, tena umenikasirikia, na neno 'mfuniko' bado linanigonga kichwani." Akavuta kigoda, akaketi. "Nakuomba unifundishe wewe. Na hiyo hasira usiipunguze."