Kuku Niliowachinja Mwenyewe

Haya, nichekeni mapema, maana mtacheka tu. Mimi Mama Mueni, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu hapa Msambweni, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mtu ambaye watoto wa shule ya Jumapili nimewafundisha kwa kidole juu kwamba uongo ni dhambi, nilisimama uani kwangu mchana kweupe, mbele ya mchungaji na majirani, nikawapigia kelele wageni waache chakula nilichowaalika mwenyewe. Kama ni aibu, siku ile niliivaa kuanzia kilemba hadi ndara.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri sana. Kanisa lilikuwa limenipendekeza niwe mzee wa kanisa (mzee ni cheo, msinitazame hivyo, umri wangu bado), na kwetu mtu hapewi cheo hicho kwa sababu anaimba vizuri. Mchungaji wetu hufuata Maandiko, kwamba kiongozi sharti ashuhudiwe mema na watu walio nje, naye akisema nje ana maana nje kabisa: huja nyumbani kwako, akaketi na majirani zako, ambao hapa kwetu wengi wao ni Waislamu, akawauliza mtu huyu mnamjuaje, ni mkweli, anaaminika? Wasiwasi sikuwa nao hata chembe. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Bi Mwanasha, mama wa Kidigo aliyenipokea nilipoolewa hapa kutoka Kitui sijui hata kukuna nazi, na nilipojifungua Mueni yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto mpaka nikasimama. Nilijua akiulizwa habari zangu atamwaga sifa mpaka mchungaji achoke kusikiliza, kwa hiyo nikaandaa chakula cha mchana, nikawaalika watu wa kanisani na majirani pamoja.

Sasa, aliyekaa pwani anajua. Ukialika majirani, kuku hachinjwi na yeyote tu. Huchinjwa na Mwislamu, kwa kutajiwa jina la Mwenyezi Mungu, la sivyo kwao ni haramu na hawagusi. Sisi tuliotoka bara tumezoea wala si mzigo, na kwangu mimi huja Mwalimu Juma wa madrasa, mpole, hachukui hata dakika kumi, anakunywa chai yake na kwenda zake. Lakini asubuhi ile Mwalimu hakuwepo, alikuwa amekwenda mazikoni Bodo tangu jana yake, na mume wa Bi Mwanasha alikuwa amepanda Kwale kwa shughuli za shamba. Ningeweza kutembea hadi barabarani nikamwita kijana yeyote wa bodaboda pale, wangekuja hata watatu. Lakini nilikuwa nimeshavaa, kucha nimeshapaka rangi, jua limeshapanda, nikajiambia, aka, nitachinja mwenyewe, hawa kuku wataliwa na watu wa kanisani tu, na majirani nitawapikia samaki. Nikashika kisu. Mpaka hapo, jamani, sikuwa nimekosa chochote.

Kosa lilikuja na hodi. Bi Mwanasha aliingia amejifunga leso kiunoni, amekuja kunisaidia kupika bila kuitwa, ndivyo alivyo, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yameshafika kwenye beseni la kuku. Akawasifu, kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu.

"Kachinja nani, mwanangu?"

Naapa jibu la kweli lilikuwa mdomoni. Lakini nikaona haya, nikaona ataniona nimewatenga, watu wa kanisani nimewapa kuku, yeye nimempa samaki, kwenye karamu ambayo amekuja kunishuhudia, na kabla sijafikiri nikasikia sauti yangu yenyewe, tamu kabisa, ikisema kwamba ni Mwalimu Juma, alipita alfajiri. Basi Bi Mwanasha akafurahi. Akasema kama ni hivyo samaki wa nini, waweke wa kesho, leo tunapiga pilau moja la watu wote, akawamimina kuku wote sufuriani pamoja na bizari na vitunguu, hakubakisha hata paja.

Mimi nikabaki nimesimama na mwiko. (Mume wangu alipita akaniuliza mbona natoka jasho, nikamwambia ni moto, na hapo hesabuni, huo ni uongo wa pili.) Nilijua wazi kwamba saa chache zijazo mwanamke yule atakula kitu ambacho dini yake imemkataza, atakula kwa mkono wangu, akiniamini. Na dawa ilikuwepo, kusema tu. Badala yake nikatafuta dawa ya mwongo. Alipotoka kwenda kwake kuchukua sinia, nikachukua konzi nzima ya chumvi nikaimimina sufuriani, nikisema moyoni pilau likiharibika hakuna atakayekula, nami nitakuwa nimewaokoa, halafu tutarudi kwa samaki, na Mungu atatukuzwa.

Aliporudi akaonja. Akakunja uso, kisha akajipiga paja akasema ni yeye, uzee umemwingia, ametia chumvi mara mbili, nimsamehe, ameniaibisha mbele ya wageni wangu. Na mimi, mwenyekiti wa akina mama, nikamwambia haidhuru Bi Mwanasha, hutokea. Nilimsamehe! Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo nasikia vibaya kuliko yote yaliyofuata. Mama wa watu akaenda mbio kwake, akaleta mchele wake mwenyewe na viazi, akaongeza maji, akakamua ndimu, akahangaika na lile sufuria mpaka pilau likarudi kuwa pilau, tena tamu kuliko la kwanza.

Wageni wakafika. Mchungaji na wazee wawili wa kanisa, majirani na wake zao, mikeka ikatandikwa, maji ya kunawa yakazunguka. Mchungaji akasimama kueleza kwa nini amekuja, akasema katika kanisa letu ukweli wa mtu hatuupimi kwa maombi yake marefu, tunaupima kwa jirani yake, kwa kuwa jirani ndiye anayekula naye na kuazimana naye chumvi. Aliposema chumvi nilitamani ardhi ipasuke. Na wakati huohuo nani anaingia langoni, kanzu ina vumbi la safari, amemaliza mazishi mapema? Mwalimu Juma. Nikamkimbilia, nikamnong'oneza kwamba chakula bado sana, aende akapumzike nitamletea, naye akanitazama, akatazama masinia yanayofuka mvuke, akasema kwa adabu kwamba ana njaa na atasubiri papo hapo. Akaketi karibu na Bi Mwanasha.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu mimi haikufika hata lango la uani. Bi Mwanasha aligeuka akamwambia, mbele ya watu wote, Mungu amlipe kwa kuwahi alfajiri kuchinja, kuku wamependeza. Mwalimu akashangaa, akauliza kuku gani, yeye amelala Bodo na ndiyo kwanza anafika. Na hapo, sikilizeni vizuri, hapo ndipo Bi Mwanasha aliponipa njia ya kutokea, maana hata akilini mwake haikuingia kwamba mimi naweza kumdanganya. Akasema basi labda nilichanganya majina, huenda alikuwa mwalimu mwingine, si ndiyo mwanangu? Nilichohitaji ni kutikisa kichwa. Mchungaji ananitazama, cheo kiko pale, na tonge la pilau liko vidoleni mwa Bi Mwanasha, linapanda.

"Msile!" nikapiga kelele. "Nimechinja mimi. Chumvi pia nimetia mimi."

Tonge likarudi siniani. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama, kisu, haya, chumvi, mpaka ule msamaha niliomsamehe mtu asiye na kosa, na nilisema kwa sauti ya juu, hata walioketi langoni wasikie. Mwalimu Juma alisema alhamdulillahi, hawajala, akanawa mikono taratibu. Mzee mmoja wa kanisa akaanza kusema kwamba ni jambo dogo, kuku tu, tuendelee, na Bi Mwanasha ndiye aliyemkatiza. Hakupandisha sauti.

"Si dogo," akasema. "Mwanangu, ungeniambia kuku si wangu ningekula samaki, na tungecheka. Umeninyima kujua ninachotia kinywani mwangu."

Kisha akamgeukia mchungaji. Akamwambia mlikuja kuniuliza kama Mama Mueni ni mkweli, nami nimemjua miaka mingi na nilikuwa na maneno mengi mazuri, lakini nikiyasema leo nami nitakuwa nawadanganya kwa ajili yake, kwa hiyo leo siwezi kumshuhudia. Amesema kweli kabla sijala, hilo nimeliona. Rudini siku nyingine mniulize tena. Akachukua leso yake akaenda kwake, na majirani wakamfuata mmoja mmoja, kila mmoja akiniaga kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko matusi.

Pilau likapelekwa kanisani, wanakwaya wakalimaliza wakiuliza nani kapika.

Mchungaji hajarudi kumuuliza Bi Mwanasha mpaka leo, na mimi simharakishi. Sijakata tamaa, msinione hivi. Kila siku naenda kwa Bi Mwanasha, mwanzoni alikuwa akinipokea mlangoni, siku hizi ananipa kigoda niketi jikoni, na najua, nina hakika kabisa, siku itafika atanishuhudia, na siku hiyo ushuhuda wake utakuwa na uzito kuliko wote ambao angenipa mwanzo, kwa sababu mama yule hasemi asichokijua. Wakinifanya mzee wa kanisa ni sawa, wasiponifanya bado nitaimba sauti ya kwanza.

Lakini nimeweka nadhiri. Nikialika watu, mchinjaji nitamngoja hata mpaka magharibi, asipopatikana tutakula maharagwe, na nikiulizwa mbona hakuna kuku, nitajibu: sikupata wa kuchinja. Maneno matatu tu, jamani. Nilikuwa nayo mdomoni asubuhi ile.