Mashine Haipendi Mafuta

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ningeachiwa nichague, nisingevuka kizingiti ila kwa msiba, au chumvi ikiisha. Lakini ndani hakipikiki kitu kama hakuna aliyetoka kukitafuta, kwa hiyo kila asubuhi nilifunga mlango, nikaufungua tena kuhakikisha jiko limezimika, nikaufunga, ndipo nikamfuata jirani yangu kwenda kiwandani kubangua korosho. Yeye alinisubiri njiani.

"Umeshaiaga? Haikulia?" Anaisema nyumba, huyo.

Jirani yangu ni mama mtu mzima, Mmakonde wa Newala, aliyeletwa Masasi na ndoa na kubakizwa Masasi na ujane. Tunakaa ua mmoja, mtaa wa Mkomaindo. Ndiye aliyenipeleka kiwandani, akanikalisha meza moja naye, akanifundisha kukanyaga kile kisu cha mguu kinachopasua ganda na kuchokoa kiini kwa ncha ya kisu kidogo bila kukivunja. Kunifundisha alinifundisha, kujifunza ni habari nyingine. Yeye akijaza beseni, mimi nimefunika tako la beseni.

"Wewe kidato cha nne ulisomea nini?" aliniuliza siku moja.

"Kila kitu, mama. Ndiyo maana sijui kimoja."

Asiyejua korosho aelewe jambo hili: ndani ya ganda mna mafuta meusi yanayounguza kama moto usio na mwali. Mgeni huyadhani uchafu, akajifuta jasho kwa mkono ule ule, na kesho yake uso umevimba hadi mkwewe hamtambui. Kinga yake wanawake wa huku wanayo tangu zamani. Unajipaka mafuta ya nyonyo mpaka viganja ving'ae, unavipaka majivu juu yake, ndipo unagusa korosho. Mikono inakuwa ya kijivu kama ya mzimu, lakini haiungui. Jirani yangu alibangua hivyo miaka na miaka, na mikono yake ilikuwa laini kuliko yangu.

Kisha ikaja mashine ya vidole.

Ilibandikwa ukutani pale mlangoni, ndogo kama redio, ina kioo. Ukiweka kidole ikakujua, sauti ya mwanamke aliyeshiba inasema, "Asante." Isipokujua inasema, "Jaribu tena." Ilitaka kutusoma asubuhi, tukienda kula, tukirudi, na tukiondoka. Asiyesomwa hayupo, na asiyekuwepo beseni lake halipimwi. Msimamizi, kijana mpole aliyemwamkia kila mama shikamoo, alitueleza kwamba sasa hakuna mtu wa kutuonea, kila kitu ni mfumo. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu zaidi, kama msomi.

Tatizo lilianza na nyonyo. Mafuta yale hayatoki kwa maji. Mwenye nyonyo akigusa kioo, kinapata ukungu, na wote walio nyuma yake wanaambiwa jaribu tena. Foleni inasimama, jua linapanda, watu wanaanza kutajana.

"Nani kapaka mafuta hapa?"

"Si huyu wa Chiwata, kaja anang'aa kama maandazi."

"Maandazi mama yako."

Glavu tulipewa. Ila ukivaa glavu kutwa kwenye joto lile, vidole vinatoka vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo za arusi nzima, na mashine vidole hivyo nayo haivitaki. Basi tukakaa wanawake wenyewe, bila kuagizwa na mtu, tukapitisha sheria: hakuna nyonyo, hakuna majivu, hakuna glavu. Mikono mikavu. Tulijiona tumeikomoa mashine. Msimamizi alipoona foleni inakwenda haraka, alitusifu.

Jirani yangu peke yake alisita. Alisema, "Haya mafuta meusi hayajui kwamba tumeleta mashine." Lakini wenzake walimwambia asiwacheleweshe, naye hakuwa mtu wa kugombana mlangoni. Akaacha chupa yake nyumbani.

Mimi niliungua kidogo, kwa sababu nilibangua kidogo. Uvivu umenisaidia mara chache maishani, hiyo ilikuwa mojawapo. Yeye mwenye kasi ndiye aliyeungua. Kwanza ncha za vidole zikawa nyeusi, kisha zikababuka, ikatoka ngozi mpya nyororo, haina mstari hata mmoja. Asubuhi moja aliweka kidole, sauti ikasema jaribu tena. Akaweka kingine. Jaribu tena. Akamaliza mikono yote miwili.

"Mama, sina ugomvi na wewe," msimamizi alimwambia. "Ni mashine."

"Najua, mwanangu. Ingekuwa wewe ningekuchapa."

Tulicheka. Siku ile alirudi nyumbani kabla ya kuanza kazi.

Hapo ndipo mmoja wetu akatoa shauri. Alisema ngozi ni kama kisu, ikipoteza makali inanolewa. Ukisugua kidole kwa tofali, mistari inarudi. Waligeuka wote kunitazama mimi, mwenye kidato cha nne. Nilisema mistari iko ndani zaidi, itarudi yenyewe ukiiacha ngozi ipumzike. Nadhani hilo lilikuwa jambo la kweli pekee nililowahi kutoka nalo shuleni, na nililisema kwa sauti ndogo, kwa hiyo halikusikika.

Jirani yangu alipumzika kwa namna yake. Kila alfajiri nilimkuta nyuma ya nyumba, kachuchumaa, anasugua vidole kwenye kipande cha tofali. Yule mama alikulia Newala juu, ambako walishuka bondeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani; hajawahi kunawa akamwaga, yanayobaki anamwagilia mchicha. Sasa alikuwa anamwaga kata baada ya kata kusafisha vidole kwa ajili ya kioo. Nikamwambia, "Mama, unajichuna."

"Nikikaa nyumbani nitakula nini? Wewe unapenda kukaa nyumbani. Mimi sijui kunakaliwaje."

Siku nyingine mashine ilimkubali, akaingia anatabasamu, akabangua kwa mikono ile ile mibichi, mafuta meusi yakiingia kwenye mikwaruzo. Siku nyingine ilimkataa. Halafu kidole cha shahada kikavimba, na cha kati kikafuata, na nikampeleka hospitali nikiwa nimemshika bega kama bibi harusi. Daktari aliuliza anafanya kazi gani. Aliposikia korosho alitikisa kichwa. Aliposikia tofali aliacha kuandika. Wakampasua usaha, wakamfunga bandeji, akaambiwa asiguse ganda mpaka apone kabisa.

Alipokuwa anapona, kiwandani walileta mashine nyingine, inayosoma uso. Msimamizi alisema wamesikia kilio chetu. Nilikimbia kumpelekea habari, mimi ambaye sikimbii hata mvua. Alivua kilemba akakifunga upya hapo hapo.

Asubuhi alisimama mbele ya mashine, nayo haikusita. "Asante." Wanawake walipiga vigelegele. Akakaa mahali pake, akaweka korosho kwenye kisu, akakanyaga, ganda likapasuka. Kisha akashika kisu kidogo, nacho kikaanguka. Akakiokota, kikaanguka. Vile vidole viwili vilikuwa vimepona vikiwa vimenyooka kama vijiti, havikunjiki. Alijaribu mkono wa kushoto, akavunja kila kiini. Mimi nilikuwa nasukuma viini vyangu kidogo kidogo kwenye beseni lake, mpaka akanipiga kikumbo.

"Rudisha. Hata kuiba hujui, unaiba kutoka kwako."

Mchana msimamizi alipita na kishikwambi chake. "Shikamoo, mama. Hapa naona upo, lakini hakuna kilo."

"Marahaba. Nipo kweli," alisema. "Si mashine imekwambia?"

Akakunja kanga, akaondoka kabla ya kupimwa.

Sasa hivi meza nzima tunapaka tena nyonyo na majivu, kwa kuwa mashine mpya haina habari na vidole. Kiwanda kinaendelea vizuri. Jirani yangu anashinda nyumbani, na mimi, niliyeomba maisha yote nishinde nyumbani, namwacha huko kila asubuhi nakwenda kazini. Anamwagilia mchicha. Jioni ninasonga ugali wa muhogo, nakaa naye tunakula. Kufinya tonge hawezi, kwa hiyo anakula ugali kwa kijiko kama mgonjwa, ameupa mgongo mlango ili wapita njia wasione.

Juzi nami nilichukua kijiko.

"Weka chini," akasema. "Vidole unavyo, na kubangua hujui. Angalau kula."

Nikaweka kijiko chini, nikanawa, nikala kwa mkono.