Mabomba ya Mwisho Kambini

Miaka ile Warundi walipokimbilia Kigoma, Yusra alisomea shahada ya uzamivu chini ya mama mmoja mhandisi wa maji, ambaye wanafunzi wake walimwita Profesa tu. Kila Ijumaa Profesa aliwakusanya katika chumba cha kupanga pale Mwanga, mjini Kigoma, wahandisi, watu wa afya na wa sosholojia, na hakuna aliyeruhusiwa kueleza utafiti wake mwenyewe. Ulieleza wa mwenzako mpaka mwenyewe akiri kwamba umemwelewa. Profesa alisikiliza akimenya karanga kwa vidole vilivyoota sugu za spana, na ukisitasita alikusukuma taratibu kwa lafudhi yake ya Kiha: “Ehee, halafu?”

Ijumaa moja Bariki, mtu wa afya, alieleza kazi ya Yusra, na Yusra akatamani ardhi ipasuke immeze. Vipimo vyake vilionyesha kwamba dawa ya maji ilikwisha nguvu kabla ya kufika mabomba ya mwisho katika kambi ya wakimbizi, ambako watoto walikuwa wakiharisha. Na mtandao ule wa mabomba aliubuni Profesa mwenyewe.

Bariki alipomaliza, Profesa aliweka karanga chini, akamgeukia Yusra.

“Ndivyo ulivyopima?” Profesa aliuliza.

“Ndivyo, Profesa. Nimerudia mara nyingi. Naomba unisamehe.”

“Msamaha wa nini, mwanangu? Watoto wanaumwa.”

Akainuka, akamkabidhi Yusra chaki, kisha akaketi kwenye benchi katikati ya wanafunzi.

“Chora mtandao unavyoona wewe unafaa,” akasema. “Kesho tunakwenda kufukua mabomba.”