Uzi Mmoja Mfukoni

Nakumbuka Jumamosi moja hapahapa Durban, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na minne na kichwa kimevimba kuliko chako. Usikunje uso. Jana kanisani nilikuona. Yule kijana Junior alisogea aangalie vidole vyako kwenye gitaa, ukamgeuzia mgongo. Mgongo ule naujua, ulikuwa wangu. Kaa hapo nikueleze.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimefika kutoka Bukavu na gitaa na shati moja. Aliyenipokea mtaa wa Albert Park ni Kaka Safari, mwimbaji na kiongozi wa kundi letu la watu watano. Alinipa godoro lake, yeye na mkewe Mama Neema wakalala kwenye mkeka. Mchana tulilinda magari ya watu barabarani, jioni tulifanya mazoezi. Mimi nilipiga gitaa la kwanza, Joel la pili.

Wenzangu wote walikulia kwenye kwaya. Mimi peke yangu nilikuwa na mjomba mpiga rumba, naye alinifundisha ujanja mmoja: unatoa uzi wa nne, ule mnene, unaweka mwembamba sawa na wa kwanza. Basi. Gitaa linalia juu, utadhani watu wawili wanapiga. Watu walisema ni kipaji, nami nikawaacha waseme. Mazoezi yakiisha niliingia chooni na gitaa, nikabadilisha uzi, siri yangu nikaitia mfukoni. Joel aliniomba mara tatu nimwonyeshe. Mara ya tatu nilimjibu kwamba mambo mengine mtu anazaliwa nayo. Naona haya hata kukusimulia.

Sasa Jumamosi ile, saa tisa kamili, hoteli moja ya ufukweni ilikubali kutusikiliza. Wakitupenda, ni kazi ya kila wikiendi. Mama Neema alikuwa na mimba ya miezi saba, na Safari alikuwa amechoka kutukanwa na wenye magari. Ile hoteli ndiyo ilikuwa tumaini lake lote. Mama Neema alinyoosha mashati meupe matano juu ya blanketi sakafuni. Langu nililikunja nikalitia kwenye begi, chini ya nguo zangu zote.

Zote, ndiyo. Kuna kundi la Johannesburg lilikuwa limeniita, na teksi ya kwenda huko, yale mabasi madogo, ilikuwa inajaza abiria stendi ya Warwick kuanzia saa nane. Sikumwambia mtu. Safari nilimwambia napeleka gitaa kwa fundi, tutakutana hotelini.

Kwa fundi nilikwenda kweli, maana ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi ulikuwa unateleza. Fundi mwenyewe alikuwa Mwingereza, tukimwita Mzee Terry, na kachumba kake kalikuwa ghorofani katikati ya mji. Ukutani alikuwa na picha nne za makundi ya rock aliyopigia gitaa huko kwao. La kwanza ni la marafiki wa shule. La pili lilimzungusha Ulaya nzima ndani ya basi. La tatu lilipata jina kubwa. La nne alilianzisha mwenyewe, likafa kabla ya mwaka. Katika picha zote nne, sura iliyojirudia ni yake tu.

Alikaza ule ufunguo, halafu akavaa miwani akaangalia mahali uzi wa nne unapopita. Akaniambia pale pamelika na uzi mwembamba, mbona amekuta mnene? Akaliangalia begi langu, akaangalia saa ukutani. Nilijua ameshaelewa.

“Ukiondoka leo, nani atapiga sehemu yako?”

“Hakuna anayeweza,” nikamjibu, tena kwa kujivuna.

Hakunifokea. Alinishika mkono akanisogeza mbele ya ile picha ya kwanza. Akasema na yeye alikuwa na namna yake ya kukaza nyuzi ambayo hakumfunulia mtu, na kila kundi aliliacha akiwa na hasira, siri yake mkononi. Miaka ikapita. Siku moja marafiki wale wa shule walimwandikia: mpiga ngoma wao amefariki, na familia inaomba ule wimbo wao wa zamani kwenye mazishi. Alipanda ndege akaenda. Akakaa na gitaa siku mbili, anakaza, analegeza. Ule wimbo haukurudi. Yeye mwenyewe alikuwa amesahau, na hakuna mwingine aliyewahi kujua. Walimzika rafiki yao kimya.

“Nilificha vizuri mno,” akasema. Kisha akanirudishia gitaa.

Unadhani nilikimbilia hotelini? Eish, mwanangu, ujana ni kazi. Nilikwenda Warwick, nikapanda ile teksi, nikakaa dirishani. Dereva akasema bado watu wawili. Nikaomba Mungu wawili hao waje upesi, kabla moyo haujageuka. Akaja mmoja. Ikawa saa tisa kasoro dakika ishirini. Nikatia mkono mfukoni kutafuta leso, vidole vikagusa ule uzi. Nikaiona akilini picha ya Mzee Terry, mara hii sura ni yangu, na Safari hayumo. Nikashuka na begi langu, dereva ananitukana kwa Kizulu.

Nilikimbia kwa miguu mji mzima. Robot nyekundu, zile taa za barabarani, sikuzitazama, magari yananipigia honi. Nilifika hotelini saa tisa na dakika ishirini, na wimbo wa pili ukanikuta kwenye ngazi. Ulifika mahali gitaa langu linapoingia. Nikasikia Joel anapapasa kama mtu anayetafuta mlango gizani, na sauti ya Safari inajitahidi kuziba tundu. Meneja aliwashukuru, akasema atawapigia simu. Sisi wa hapa tunajua maana yake: hawapigi.

Safari alinikuta chini ya ngazi. Aliona begi. Aliona na teksi niliyoshuka, naamini, ingawa haikuwepo.

“Ulikuwa wapi, ndugu yangu?”

Nilitoa ule uzi mfukoni nikamwekea kiganjani, nikamweleza unawekwa wapi. Aliugeuza, akautazama muda mrefu.

“Ni huu tu?”

“Ni huu tu, Kaka.”

“Miezi minane namwomba Mungu ampe Joel kipaji chako. Kumbe ningemwombea uzi.”

Hakuinua sauti. Afadhali angenipiga. Jumatatu alirudi kulinda magari, na miezi miwili baadaye mtoto akazaliwa baba yake akiwa amesimama kwenye mvua. Mama Neema aliniomba tu nimrudishie lile shati. Mpaka leo naona aibu.

Jumatatu hiyohiyo nilikaa na Joel, nikamwekea ule uzi kwenye gitaa lake, nikamwonyesha kila kitu. Ilichukua dakika kumi. Ndiyo, huyohuyo mzee Joel wa kanisani kwetu, mwalimu wako. Hicho unachomficha Junior kilipita mfukoni mwangu kwanza. Kama ningeshuka Johannesburg siku ile, wewe leo ungekuwa unapiga nini?

Basi nasaha yangu ni hii. Ukitaka kuondoka kwenye kundi, ondoka, hakuna anayekufunga. Lakini aga, na kabla ya kuaga mkalishe mwenzako umwachie kazi yako yote mikononi mwake. Na usingoje siku ya kuondoka. Junior yuko hapo chini anasubiri lifti apande huku, nimemwita mimi. Geuza kiti, akae mahali anapoviona vidole vyako.

Mungu abariki mikono hiyo, mwanangu, na kila mkono utakaoufundisha. Na siku utakaposahau wewe, awepo wa kukukumbusha.