Mawe ya Uzioni

Kwa miaka ishirini na mitatu Polikarpo Chitanda alilinda mahali ambapo watu wa mtaa wake hawakuwa na haja ya kuingia. Palikuwa upande wa Temeke, kwenye mteremko unaoishia katika mikoko: msikiti wa kale uliobakiwa na kuta tatu pamoja na kibla yake, kile kidaka cha ukutani anamosimama imamu, na makaburi ishirini na manane ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu kupita kimo cha mtu. Ofisi ya mambo ya kale iliyomwajiri ilipaita kwa jina refu lililoandikwa kwenye kibao cha bati. Watu wa mtaa walipaita Uzioni, maana walichokijua ni uzio wa seng'enge uliopazunguka.

Hakuwa mtu wa pale. Alizaliwa karibu na Ndanda, akaja Dar akiwa kijana kumfuata mjomba wake aliyekuwa mchonga vinyago. Alichonga miaka tisa, hadi siku tezo ilipomkata mkono wa kushoto na vidole viwili vikakataa kukunjika tena. Alihangaika na vibarua, kisha akapata kazi ya ulinzi.

Siku ya kwanza, bwana aliyemleta kazini alimpa ufunguo na maagizo mafupi. "Hapa ni pa wageni. Watoto wasiingie kucheza, mbuzi wasiingie, na watu wa mtaani wasije kufanya mambo yao. Anayetaka kuingia aje na kibali."

Polikarpo aliyashika maagizo hayo kama alivyoyashika mafundisho ya kipaimara. Alifagia kila alfajiri, aling'oa miche ya mikuyu iliyoota katika nyufa, alichonga fimbo ya mpera na kuiegemeza getini. Wataalamu waliokuja kupima kuta aliwafuata nyuma, akauliza, akakumbuka. Baada ya miaka mitano aliweza kueleza chokaa ilichomwaje, kibla iligeuzwaje Makka, na yale mabakuli ya bluu yaliyopachikwa kwenye nguzo yalitoka nchi gani.

Shida ilikuwa wa kumweleza. Zamani wazungu walikuja kwa basi dogo, mara mbili kwa wiki msimu wa kiangazi. Baadaye wakapungua, walishuka uwanja wa ndege na kuunganisha moja kwa moja visiwani au mbugani. Watanzania waliokuja walikuwa wanafunzi. Walishuka wamejipanga wawili wawili, wakazunguka dakika ishirini, wakarudi garini kwenda ufukweni kwenye mabembea, maana hiyo ndiyo safari waliyoahidiwa. Mwalimu mmoja aliwahi kumuuliza kama kuna mahali wanauza soda. Siku nyingine bwana harusi na bibi harusi walikuja kupiga picha, na mpambe akasema, "Kumbe mawe tu." Polikarpo aliwafungulia geti watoke, akakaa kwenye stuli yake asiongee na mtu mpaka jioni.

Hata mkewe Editha hakuwahi kuingia, na nyumba yao ilikuwa mwendo wa dakika sita. Polikarpo alipomwomba, alijibu bila kuacha kuchambua mchele, "Niende kutazama makaburi ya watu nisiowajua? Mie nina makaburi yangu kijijini, mwaka wa saba huu sijayaona."

Masika ya mwaka wa ishirini na tatu wa kazi yake yalikuwa makali. Siku ya nne ya mvua, Jumamosi asubuhi, ukuta wa kaskazini ulianguka na kuvuta kibla pamoja nao. Polikarpo alikuwa kibandani. Alisikia mshindo kama gari limemwaga kokoto, akatoka na mabuti ya mvua, akasimama mbele ya lile pengo. Sehemu ya uzio nayo ilikuwa imelala. Alipiga simu ofisini.

"Usiguse kitu," aliambiwa. "Wataalamu watakuja."

Alitandika turubai juu ya kifusi, akasubiri. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Wiki ya tatu aliona turubai limeshuka. Alidhani ni macho yake, lakini kesho yake lilikuwa limeshuka zaidi. Mawe yalikuwa yanaondoka.

Hakuhitaji kutafuta mbali. Mitaa miwili juu, fundi mmoja aitwaye Gervas alikuwa anajenga fremu tatu za maduka, na katika msingi wake mawe meupe yenye chokaa ya kale yalionekana wazi. Gervas alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, ametulia, mwenye sifa ya kutoacha kazi njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gervas, haya mawe umeyatoa wapi?"

"Uzioni," alisema, hakuficha. "Niliona yameanguka, uzio umelala, hakuna anayeyataka. Nikajua yametupwa."

"Ni mawe ya msikiti. Yamekaa pale kabla jiji hili halijawa jiji."

Gervas aliweka mwiko chini. "Mzee Poli, mie nimezaliwa hapa. Unanikumbuka? Nilikuwa darasa la tatu. Tulipenya wanne kwenye seng'enge, tulitaka kuona lile bakuli la bluu. Wenzangu walikimbia, mie ukanikamata." Alionyesha nyuma ya mguu. "Ulinichapa hapa. Hukuniambia ni msikiti, uliniambia toka."

Hakusema kwa hasira. Polikarpo alimtazama usoni akijaribu kumwona yule mtoto, asimwone. Hilo lilimuumiza kuliko maneno. Watoto aliowachapa walikuwa wengi mno kumkumbuka mmoja.

"Yaliyoingia kwenye zege siwezi kuyatoa," alisema Gervas. "Ya nje chukua. Nitakuletea na mkokoteni."

Walisomba wote wawili, mawe arobaini na moja, wakayapanga chini ya turubai. Gervas alipoondoka, Polikarpo aliiangalia fimbo ya mpera getini. Akaivunja kwa goti na kuitia jikoni kwa Editha. Editha aliona, akachochea moto.

Usiku ule hakumfikiria Gervas tu. Alimfikiria pia Mwanakombo.

Mwanakombo Abdulrahman alikuwa mwanamke wa Kizaramo wa ukoo wa pale pale, watu walioishi ng'ambo ya mikoko kabla ya viwanja kupimwa. Kila mwezi wa Shaabani alikuja kuzuru makaburi na chetezo cha ubani na chupa ya maji ya waridi. Mwaka wa pili wa kazi yake, Polikarpo alimfungia geti. Maagizo yalikuwa maagizo: moshi na vitambaa viliharibu nguzo. Mama yule hakubishana. Alikaa chini nje ya uzio na ubani wake, akasoma dua hadi adhana ya adhuhuri, akainuka, akaenda. Hakurudi tena.

Sasa, baada ya miaka hiyo yote, Polikarpo alimfuata nyumbani kwake Mtoni. Mara ya kwanza alisikia sauti kutoka ndani, "Mwambie nimelala," na mjukuu wake Farida, msichana mkubwa aliyefanya kazi Kipawa kwenye ofisi ya mizigo ya ndege, akasimama mlangoni akiona aibu. Mara ya pili bibi alitoka, lakini hakumkaribisha kiti.

"Umekuja kunifukuza na hapa?"

"Hapana, mama."

"Basi nenda."

Mara ya tatu Polikarpo alivua kofia kabla hajapiga hodi. "Shikamoo, mama. Sikuja kuomba kitu. Nilikufungia geti, nawe ulikuwa na haki ya kuingia kuliko mie. Niliambiwa nifunge, sawa, lakini aliyefunga ni mie. Nimekuja kukwambia hivyo tu."

Mwanakombo alikuwa na miaka karibu themanini. Alimwashiria Farida alete kiti.

"Yule mwenye nguzo ya bakuli," alisema, "kwenye kibao chenu mmemwandika nani?"

"Tumeandika kaburi la mtu asiyejulikana."

"Asiyejulikana na nani?"

Polikarpo aliinamisha kichwa.

"Huyo ni Hija binti Khalfani. Alichimbisha kisima watu wanywe mwaka wa njaa. Ndicho hicho mlichokifunika bati. Bibi yangu alinitajia, na yeye alitajiwa na bibi yake. Mlikuja na kamba za kupimia, hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza."

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Mwanakombo alikuja na wanawake kumi na mmoja. Polikarpo alijua hawana kibali. Alifungua geti lote, mabawa mawili. Bibi alitembea polepole akiegemea bega la Farida, na mbele ya kila kaburi alilolijua alisimama akalitaja jina. Yalikuwa majina saba. Farida alikuwa akimrekodi kwa simu. Alipofika kwenye kifusi cha kibla, Mwanakombo alishika jiwe moja, akalifuta vumbi kwa ukingo wa kanga, akalirudisha. Hakulia, ila wenzake walilia.

Polikarpo aligeuka akamwona Editha nyuma ya watu, amejitanda kitenge kichwani kama wenzake. Hakumwita.

"Mie nilikuwaga nadhani utalii ni kupanda ndege," Farida alimwambia wakati wa kutoka. "Kila siku naona wageni wanapita pale Kipawa, nasema hao ndio watalii. Kumbe bibi wa bibi yangu yuko hapa."

Video ile ilisambaa. Jumapili iliyofuata walikuja vijana wapata hamsini, kutoka Sinza, kutoka Kiwalani, wengine hata Polikarpo hakujua wametokea wapi. Alifurahi, na kwa saa nzima alieleza mpaka sauti ikakauka. Lakini alikuwa peke yake. Wakati anaeleza huku, kule kijana mmoja alipanda juu ya nguzo ili apigwe picha, na ukingo wa nguzo, uliokuwa umevumilia mvua za miaka yote hiyo, ukameguka na kijana akaanguka nao. Hakuumia. Aliomba radhi, akaokota vipande, akavileta mikononi kama mtu aliyebeba kifaranga. Polikarpo alivipokea. Zamani angejua la kufanya. Siku ile alimweleza tu kaburi lile lilikuwa la nani, na kijana akabaki pale hadi wenzake wote walipoondoka.

Habari zilifika ofisini. Aliitwa.

"Nani alikuruhusu kufungua?" aliulizwa na mkubwa wake, mtu mdogo kuliko yeye kwa miaka ishirini.

"Hakuna aliyeniruhusu."

"Unaona kilichotokea? Ndiyo maana tunafunga."

"Naona, bosi. Tulipofunga, waliuchukua ukuta. Tulipofungua, ukingo umevunjika. Ningekuwa na wasaidizi wawili usingevunjika."

Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alisema bajeti ya wasaidizi haipo, na kwamba barua imeshaandikwa. Polikarpo alistaafishwa miezi minane kabla ya wakati wake. Alikabidhi ufunguo na kitabu cha wageni, akasaini mahali alipoonyeshwa. Nyumbani alilala siku mbili. Siku ya tatu Editha alimletea uji, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nilichelewa kwenda Uzioni," alisema. Hayo tu. Polikarpo alikunywa uji.

Wakaletwa walinzi wa kampuni, wanaobadilishana kila mwezi. Uzio ulisimamishwa upya na geti likafungwa. Wataalamu walikuja kweli, mwezi wa tisa. Walihesabu mawe, wakayaandika namba kwa rangi nyeupe, wakaondoka. Farida aliandika barua mbili akiomba kibao kirekebishwe, akaambatisha majina saba na sauti ya bibi yake. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba majina ya kusimuliwa yanahitaji uthibitisho. Hata hivyo ukoo uliruhusiwa kuzuru siku moja kwa mwaka, katika Shaabani, kwa orodha iliyowasilishwa mapema.

Mwanakombo aliiwahi siku hiyo mara moja. Alifariki baada ya Idi Kubwa. Polikarpo alikwenda mazikoni, akasimama nyuma ya safu, mikono mbele, na watu wa ukoo wakamsogeza karibu ili naye atupe mchanga.

Mwaka huu mvua zimekuja mapema. Mwezi wa tatu mlinzi mpya, mtu wa makamo aitwaye Kasiani, alimfuata Polikarpo nyumbani kumwambia kwamba ukuta wa magharibi umepasuka juu hadi chini na unaanza kulala. Alikuwa ameripoti, akaambiwa asubiri. Polikarpo alikwenda kwa Gervas. Walirudi na mirunda sita ya kuegemezea ukuta usianguke, nyundo na kamba, na mafundi wawili walioacha kazi yao siku hiyo. Kasiani hakuwa na ruhusa ya kuwaingiza. Aliwatazama, akatazama barabarani, akafungua.

Walifanya kazi kwenye manyunyu hadi saa kumi. Polikarpo, kwa mkono wake mmoja mzima, alishikilia mirunda Gervas akigongelea, na kila walipopumzika mafundi wale walimuuliza swali: huyu ni nani, ile ni nini, kwa nini pale pamechongwa hivyo. Aliwajibu yote aliyoyajua. Lililomshinda alisema hajui, na kwamba aliyejua walimzika mwaka jana.

Ukuta haujaanguka. Watu wa ofisini bado hawajafika.