Ndugu wa Kutia Sahihi

Fomu ya bweni ilikuwa na kurasa nne, na msichana alimaliza tatu kabla chai ya matroni haijapoa. Jina, kozi ya uhandisi wa maji, cheti cha afya, vyote alikuwa navyo. Ukurasa wa nne ulitaka ndugu anayeishi hapa nchini, aje mwenyewe, atie sahihi mbele ya matroni kabla ya saa kumi. Asipokuja, kitanda anapewa mwingine, na hao wengine walikuwa wamejipanga kwenye benchi la nje na magodoro yao kabisa.

"Ndugu unao?" matroni aliuliza.

"Ninao. Hapa ndipo kwetu."

Alisema bila kupepesa macho, maana amelelewa na neno hilo. Baba yake, fundi viatu, alizaliwa ugenini na hajawahi kuikanyaga nchi hii, lakini kila akikorofishana na mwenye nyumba humjibu kwamba yeye ana kwao. Huko kwao kuna kiwanja cha marehemu babu, na siku moja atakwenda kujenga. Ramani aliichora mwenyewe nyuma ya kalenda, vyumba vitatu na baraza, na kila mwaka huinakili kwenye kalenda mpya. Mkewe alichoka kubisha zamani.

Namba pekee aliyopewa msichana ilikuwa ya shangazi, binti wa mdogo wake babu. Huyo ni mshonaji. Alipigiwa, akafika saa tisa na nusu, futi ya kupimia ingali shingoni na pini mbili zimechomekwa kifuani. Akamkumbatia msichana, akamkagua usoni, akasema pua hiyo hata angeikuta sokoni angeidai. Matroni akacheka. Moyo wa msichana ukatulia, akamsogezea shangazi kalamu.

Shangazi hakuishika. Akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne, imeshaandikwa tayari.

"Kwanza tumalize hili, mwanangu. Pale kwa babu yako tumejenga. Wanangu wawili wako pale na wake zao. Watu wakirudi kutoka nje huanza na salamu, wakamalizia mahakamani. Weka sahihi kwamba kwenu hamdai kitu, na mimi natia yangu sasa hivi."

"Mimi nimekuja kusoma tu, shangazi."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba leo, tungali tunapendana."

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Msichana aliogopa. Pa kulala hana, na kiwanja si chake akitoe. Akasema hivyo hivyo, kwamba mwenye kiwanja, baba yake, yu hai.

"Basi mpigie," shangazi alisema, tena bila ukali. "Na mimi nisikie."

Simu ikawekwa mezani, sauti juu. Baba aliitikia kwa furaha, nyuma yake nyundo ikigonga soli. Shangazi akamweleza yote kwa heshima, akimwita kaka. Alipomaliza, nyundo ikagonga mara mbili, kisha ikasikika ikiwekwa chini.

"Mama," baba alimwambia binti yake hatimaye, "tia sahihi hiyo karatasi. Kwa jina langu."

"Na nyumba je, baba?"

"Nyumba gani? Tia sahihi, ofisi isije ikafungwa."

Akatia. Shangazi naye akatia kwenye fomu, matroni akagonga muhuri na kumkabidhi ufunguo. Msichana alikuwa analia wala hakujificha. Shangazi akamshika bega, akamwambia Jumapili aje kula, na alimaanisha. Baba alikuwa bado yuko kwenye simu.

"Haya, nieleze," alisema. "Chumba chenyewe kikoje? Kina dirisha?"

Msichana alikuwa hajakiona. Akamwambia kina mawili.